Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Katuni za Bure na Haki ya Aliyezichora



Jana baada ya tarawehe kijana mmoja alinivuta pembeni. "Ustadh, mimi nasoma manga kwenye simu. Zile wanazoskani na kutafsiri mashabiki, si za kununua. Nina dhambi?" Wazee wa chaneli hii, manga ni hadithi za katuni za Kijapani, vijana wenu wanazijua kuliko mnavyodhani. Nimeona nimjibu hapa, maana suala lake linatugusa wengi.

Fungua Suratul Baqara. Aya za funga ni ya 183 hadi ya 187. Inayofuata mara moja, ya 188, inakataza kula mali za watu kwa batili. Mchana unaacha maji yako mwenyewe, yaliyo kwenye friji lako, na hakuna anayekuona. Sasa mtu aliyefunzwa kuacha kilicho chake, atashindwaje usiku kuacha kisicho chake?

*"Lakini sijamwibia mtu, kitabu chake bado anacho."*
Hoja hii tusiipuuze. Ukichukua kuku wa jirani, banda linabaki tupu. Ukisoma nakala, hakuna kilichotoweka. Hebu fikiria daladala yenye viti vitupu. Umepanda, umemkwepa konda, umeshuka. Gari ingekwenda tu hata bila wewe, na mafuta ni yaleyale. Hudaiwi nauli? Unadaiwa, kwa sababu umefikishwa. Mchoraji wa hadithi ya kila wiki na wasaidizi wake wanachora kurasa zisizopungua 15 kwa wiki. Eiichiro Oda alianza One Piece mwaka 1997, na wewe umecheka na kulia kwa kazi ya mkono wake. Nauli yake iko wapi?

Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait, Desemba 1988, liliamua kwamba haki za uandishi na uvumbuzi ni mali, sheria inazilinda, na haijuzu kuzivamia. Ni kweli wapo wanazuoni walioona wepesi kwa anayenakili kwa matumizi yake tu bila biashara, hasa pale kitu hakipatikani. Mimi si mufti. Ila wepesi huo usiufanye mto wa kulalia ikiwa kitu kinapatikana kihalali na uwezo unao.

*"Ni bure tu, hakuna anayefaidika."*
Yupo. Mangamura ilikuwa tovuti kubwa ya manga za wizi huko Japani, ikafungwa mwaka 2018. Mwaka 2021 mahakama ya Fukuoka ilimhukumu mwendeshaji wake kifungo cha miaka 3 na faini ya yen milioni 10. Pesa ilikuwa inatoka kwenye matangazo. Kwa hiyo jicho lako lililipiwa, ila malipo hayakumfikia aliyechora. Na unayajua mwenyewe matangazo yanayoruka kwenye tovuti za namna hii: kamari na picha za uchi, ndani ya mwezi wa Ramadhani.

*"Mchoraji mwenyewe si Muislamu."*
Kumbuka usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wanapanga kumuua Mtume (s.a.w.), na amana zao ziko nyumbani kwake. Alimwacha Sayyidna Ali (r.a.) Makka azirudishe kwa wenyewe, moja moja. Kama haki ya adui aliyeshika upanga inarudishwa, itakuwaje ya mtu wa Tokyo ambaye hajakukosea kitu?

*"Sina hela, wala kadi ya benki."*
Hapa nakuonea huruma kweli. Lakini aliyeruhusiwa kula mzoga ni mwenye njaa ya kufa, na sura mpya ya hadithi si chakula. Kisha njia zipo. Tangu mwaka 2019 wachapishaji Shueisha wana programu ya MANGA Plus, ambayo sura za mwanzo na za karibuni za hadithi nyingi zinasomwa bure, kwa idhini ya wenyewe. Kifurushi chake cha chini cha kulipia kilipoanza mwaka 2023 kilikuwa chini ya dola 2 kwa mwezi. Kadi ya mtandaoni unaitengeneza kwenye M-Pesa. Ukiweza kununua bando la wiki, jiulize vizuri kama kweli huwezi hili.

Na yaliyopita? Dhambi baina yako na Mola wako unaiombea tawba usiku huu. Haki ya mja ina sharti la ziada: imrudie mwenyewe. Yule muflisi aliyetuelezea Mtume (s.a.w.) anakuja Kiyama na swala na funga zake, kisha zinagawiwa kwa aliowadhulumu. Utampata wapi mchoraji umwombe radhi? Lakini kitabu chake kinauzwa. Chagua hadithi uliyoisoma sana, nunua hata juzuu moja. Anza hapo.

Sasa na sisi wakubwa tusijifiche nyuma ya vijana. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp zinapita PDF za vitabu vya masheikh wetu ambavyo bado vinauzwa pale nje ya msikiti. Mimi mwenyewe nimewahi kutuma kimoja, nikasema ni kusambaza elimu. Mwenye kitabu sikumuuliza. Nimempigia leo asubuhi. Amenisamehe, alhamdulillah, akacheka na kuniambia nakala alizochapisha bado zimejaa chumbani kwake.

*Amali ya leo:* kabla ya futari, fungua simu yako, tafuta kitu kimoja ulichonacho bila ridhaa ya mwenyewe. Kilipie, au kifute.

Ewe Mola wetu, tutosheleze na halali yako, na utukutanishe nawe bila deni la mja shingoni. Aamin.

Tukutane kesho, inshaAllah. Daku njema.