Pazia Lililo Juu Yetu

Je, kila kituzuiacho ni hasara? Mwaka 1801, huko Jena, Ujerumani, Johann Wilhelm Ritter alipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu, ikagawanyika rangi zake. Kisha akaweka karatasi iliyopakwa chumvi ya fedha mahali pa giza, kando ya rangi ya urujuani. Jicho halikuona kitu pale, lakini karatasi iligeuka nyeusi upesi kuliko penginepo. Nuru hiyo isiyoonekana ndiyo tuiitayo urujuanimno.

Nyota zenye joto kali huitoa kwa wingi, nao wataalamu wa nyota hutamani kuichunguza. Lakini ozoni iliyo juu yetu huizuia. Kwa hiyo mwaka 1990 darubini ya Hubble ilipandishwa kupita hewa hiyo, ipate kutazama pasipo pazia.

Basi, tulilaumu pazia? Hasha! Nuru hiyo kama ingalitufikia yote, ingaliunguza ngozi na macho, na kudhuru mimea. Kimnyimacho mtaalamu maarifa ndicho kimpacho uhai wa kuyatafuta. Wanadamu walilidhoofisha pasipo kujua, kwa gesi za majokofu, hata mwaka 1987 mataifa yakapatana huko Montreal kuzipunguza.

Yatupasa tukumbuke: Hubble haikulichana pazia. Ilipanda juu yake, ikaliacha mahali pake.