Umekula?

Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni mpakani Tunduma, wakati mwingine kwa siku kadhaa, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa mwaka 2019. Ndani ya kila lori kuna mtu aliye mbali na kwake. Nampenda sana mama lishe anayepita kando ya foleni na chupa ya chai, na kumwuliza utingo, “Mwanangu, umekula?” kabla hajataja bei. Utu wa namna hii haungoji msiba wala harusi. Hujengwa kwa kurudiarudia kila asubuhi. Kama nawe unafanya biashara, anza leo na jirani yako wa kibanda: akienda kuswali au kunyonyesha, mwangalizie biashara yake bila kuombwa.