Mkate wa Watoto na Mbwa wa Kituoni



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alituonyesha picha katika simu. Ilitoka Marekani, kwa binti yake aliyesafiri kutoka hapa Nakivale miaka michache iliyopita. Binti ameketi sakafuni, amemkumbatia mbwa mweusi mwenye sikio lililokatika. Alimchukua katika kituo kinachotunza mbwa waliookotwa na walioachwa, akalipa ada, akatia sahihi, na sasa wanaishi pamoja. Sisi tulicheka kidogo. Mama hakucheka. Alisema, "Mwanangu ananunua chakula cha mbwa dukani, na wadogo zake hapa wanakula mara moja kwa siku." Akaifunga simu katika upindo wa kitenge, akaenda zake.

Tangu siku ile maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema binti amepotea, ameshika desturi za wazungu. Wengine wanasema pesa ni jasho lake, tumwache. Tumeona tusilipite swali hili, maana si la familia moja tu. Tangu mwaka 2023, wakimbizi hapa Uganda walipogawanywa katika makundi kwa kupimiwa mahitaji, posho imepungua kwa wengi na wengine hawapati kitu. Basi tuulize bila kuzunguka: je, ni halali kumlisha mbwa wakati mtoto hajashiba?

Kwanza tuvielewe vituo vyenyewe. Kule Marekani mbwa hufika kituoni kwa njia nyingi. Mmoja amepotea, wa pili bwana wake amefariki, wa tatu familia imehamia nyumba ambayo mwenyewe hataki mbwa, wa nne watu wamemchoka tu. Makadirio ya shirika la ASPCA ya mwaka 2019 yalisema kwamba mbwa wapatao milioni 3.1 walikuwa wakiingia vituoni humo kila mwaka. Karibu milioni 2 walipata watu wa kuwachukua, wengine walirudishwa kwa wenyewe, na karibu 390,000 waliuawa kwa sindano, wengine kwa ugonjwa au ukali, wengine kwa kukosa nafasi na mtu wa kuwachukua.

Anayetaka mbwa hachukui tu na kuondoka. Mara nyingi hujaza karatasi na kuulizwa maswali. Unaishi wapi? Mwenye nyumba amekubali? Nani atabaki naye mchana? Uliwahi kuwa na mbwa, na alikwenda wapi? Mama aliposikia hayo alisema, "Kumbe hata mbwa anafanyiwa mahojiano!" Lakini tuangalie vizuri. Pale anayehojiwa si mbwa, ni mtu. Anayetakiwa kuthibitisha kwamba anafaa ni yule anayechukua.

Hapa tuseme neno moja waziwazi. Katika lugha yetu kumwita mtu mbwa ni tusi, na wako kati yetu walioitwa hivyo na watu wenye bunduki. Kwa hiyo hatusemi kwamba mkimbizi ni kama mbwa wa kituoni. Hata akisema hivyo mtu mwenye nia njema, tunakataa. Mtu ana jina na ana neno. Akidhulumiwa anaweza kusimama na kudai haki yake, na haki hiyo anayo hata kama hakuna aliyemwahidi kitu. Mbwa hawezi kudai. Kwa hiyo analindwa zaidi na ahadi ya yule aliyesema, "Huyu nitamtunza." Na wahenga walisema ahadi ni deni.

Lawama ya mama yetu si ngeni. Mwaka 1860, katika mtaa wa Holloway mjini London, mwanamke aitwaye Mary Tealby alianzisha makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Gazeti la The Times lilimdhihaki. London ya siku zile ilikuwa na watoto wengi waliolala njiani, na watu waliona ni upuuzi kuwajengea mbwa nyumba. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini tujiulize: kama yule mama asingewaokota mbwa, je, waliomcheka wangewachukua watoto? Huruma si gunia la unga ambalo ukimchotea mmoja linapungua kwa mwingine. Mara nyingi anayesema "watu kwanza" ili asimsaidie mnyama, akifika kwa watu husema "ndugu zangu kwanza", na akifika kwa ndugu husema "mimi kwanza". Makao yale yalihamia Battersea mwaka 1871, na mpaka leo yapo.

Lakini huruma si unga, na unga ni unga. Pesa ikiwa ni ile ile moja, mtoto anatangulia, na hapo hatuna mashaka. Yule mama Mkanaani wa Mathayo 15 hakuomba watoto wanyang'anywe mkate wao. Alizungumza juu ya makombo ya chini ya meza. Anayemnyima mtoto ili mbwa ashibe amekosea, awe Chicago au awe hapa.

Basi tulirudi kwa mama tukamuuliza, tangu mbwa aje, je, pesa anayotuma binti imepungua? Akanyamaza kidogo. "Haijapungua," akasema. "Kinachoniuma si pesa. Kinachoniuma ni kwamba amepata wa kukaa naye, na si sisi."

Wapendwa, tulikosa la kujibu. Mama huyu alikuwa akingoja kumfuata binti yake, na mwezi Januari 2025 safari za wakimbizi kwenda Marekani zikasimamishwa. Binti naye anafanya kazi usiku, na asubuhi anarudi katika chumba ambacho hakuna wa kumwambia "karibu". Mbwa hakuchukua nafasi ya mama. Alikuta nafasi iliyo wazi.

Wanaosema haya ni mambo ya wazungu watazame hapa hapa Uganda, upande wa kaskazini. Vita vya LRA viliwafukuza watu zaidi ya milioni moja katika mashamba yao wakaishi makambini. Vilipokwisha, watu walirudi nyumbani, lakini wengi walirudi na ndoto mbaya. Katika mji wa Gulu, Bwana Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho akiwa na miaka 12 kwa mlipuko shambani, alianzisha mradi wa kuwaunganisha watu walioumizwa na vita na mbwa waliookotwa. Yeye mwenyewe, alipokuwa shule ya bweni, mbwa wa shule walizoea kumsindikiza usiku kwenda chooni. Katika mradi huo mbwa hupewa chanjo na kuhasiwa, mtu na mbwa hufundishwa pamoja, na mtu huahidi kumtunza mbwa maisha yake yote. Watu hawa si matajiri. Ni wakulima waliokwisha kukimbia kama sisi. Wapo ambao zamani hawakuweza kukaa na watu, na sasa wanaongea na majirani, kwa sababu jirani hukuulizia mbwa wako kabla ya kukuulizia maumivu yako.

Sasa tugeuke tujitazame sisi. Familia ngapi zilipanda basi la safari na kumwacha mbwa mlangoni? Hatuwalaumu, maana hakuna aliyeruhusiwa kumpandisha. Lakini wale mbwa wako bado, wanalala mbele ya nyumba zenye watu wapya, wanapigwa mawe na watoto wetu. Watoto hao tunawafundisha nini? Wao wenyewe walifika hapa wakiwa hawana mwenyeji.

Hatusemi kila nyumba ichukue mbwa. Tunasema mambo matatu. La kwanza, usimchukue kama huwezi, maana kumchukua na kumtupa tena ni vibaya kuliko kumpita. La pili, ukimchukua, awe wako kweli: chakula kilichobaki, maji, na chanjo. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Mtoto akiumwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mkimbilie zahanati siku ile ile, msingoje. La tatu, asiyeweza kumchukua anaweza walau kumzuia mtoto wake asirushe jiwe.

Na juu ya binti yule, hukumu yetu ni hii: hakukosea. Alimwona aliyeachwa, naye anajua kuachwa ni nini, akatia sahihi. Kosa lingekuwa kama angewasahau wadogo zake, naye hajawasahau. Ila tunamwomba apige simu mara nyingi zaidi, kwa sababu mama hali pesa peke yake.

Juzi mama alituonyesha picha nyingine. Mbwa amelala juu ya kitenge ambacho mama mwenyewe alimpa binti siku ya safari. Tulidhani atakasirika. Alitazama kwa muda, akasema, "Amekonda huyu. Mwambieni amwongeze chakula."

Mwenye maoni mengine atuletee kwa maandishi, tutayachapa katika toleo lijalo.