Wema Uliotekwa

Machi 1945, wiki chache kabla Berlin haijaanguka, Adolf Hitler alitoka handakini akaingia kwenye bustani ya ikulu yake kukagua safu ya wavulana waliopewa nishani za vita. Mpiga sinema alikuwepo, na filamu ipo hadi leo. Mmoja wa watoto wale ana miaka 12. Hitler anafika mbele yake na kumpapasa shavu, kama babu kwa mjukuu aliyefaulu mtihani. Nishani ile mtoto hakuipata kwa kuua mtu. Mapigano yalipofika kwao Silesia, aliona askari waliojeruhiwa wamelala huku makombora yakianguka, akaenda akawatoa.

Ni tendo jema. Lisimulie bila kutaja nchi wala mwaka, na kila mzazi atatamani mtoto wa namna hiyo. Mkono uliompapasa, hata hivyo, ndio ulioweka saini kwenye karatasi ya kuruhusu wagonjwa wa akili na walemavu wauawe. Nikiitazama filamu ile sijui macho niyaweke wapi, kwa mtoto au kwenye mkono.

Tunapozungumzia utoto chini ya udikteta tumezoea kuuliza watoto walifundishwaje chuki. Ilifundishwa kweli, kitabu kimoja cha picha cha mwaka 1938 kiliwafananisha Wayahudi na uyoga wenye sumu. Lakini chuki peke yake haijazi viwanja. Viwanja vilijazwa na mambo ambayo hata sisi tunayasifu kwa watoto wetu: utii, ushupavu, kuwapenda wenzako, hamu ya kuwa na faida kwa watu. Dola ya Manazi haikuona haja ya kuuondoa wema wa mtoto. Iliuteka ukiwa mzima na kuutia kazini.

Samaki mkunje angali mbichi, husema wazee wetu, na huwa wanamwambia mzazi. Hitler aliijua kanuni hiyo bila kufundishwa na mzee yeyote wa pwani. Desemba 1938, akihutubia mji wa Reichenberg, ambao leo uko Ucheki, aliitaja safari yote hadharani: mtoto ataingia kundi la wadogo akiwa na miaka 10, baada ya miaka minne atapokelewa na Vijana wa Hitler, kutoka hapo atakwenda chamani, kisha kwenye kazi za lazima, kisha jeshini, kisha atarudishwa chamani tena, wala hatakuwa huru maisha yake yote. Hakunong'ona. Watu walishangilia, na siamini kwamba kati yao hapakuwa na wazazi.

Miezi michache baadaye, Machi 1939, kujiunga kukawa lazima kisheria. Kufikia hapo zaidi ya watoto na vijana milioni 7 walikuwa tayari ndani, na si wachache walioingia wakati baba zao wanakunja uso. Sababu si ngumu kuziona. Mvulana wa miaka 10 alipewa jaribio: akimbie mita 60 kwa sekunde 12, aruke mita 2.75, arushe mpira mita 25, aende matembezi marefu na mkoba mgongoni. Akifaulu, aliruhusiwa kuvaa kisu kiunoni. Kisu halisi chenye ala, na kwenye bapa lake maneno ya Kijerumani yenye maana ya damu na heshima. Kiongozi wake hakuwa mwalimu mwenye mvi bali kijana aliyemzidi miaka michache tu, kwa sababu walishaambiwa kwamba vijana wataongozwa na vijana wenzao. Wasichana, ambao nyumbani walitakiwa kukaa jikoni, walilala mahemani, wakakimbia mbio, wakapewa vyeo. Nani kati yetu, akiwa na miaka 10, angekikataa kile kisu?

Ubaya wenyewe mara nyingi ulipitia mlango ambao mtoto hakuutazamia. Kitabu kimoja cha hesabu cha miaka ile kilitaja gharama ya kuwatunza wagonjwa wa akili katika hospitali zao, kisha kikamtaka mwanafunzi atafute ni familia ngapi za maharusi zingekopeshwa kwa fedha hizo. Mwanafunzi mwenye bidii aligawanya, akapata jibu sahihi, akawekewa alama ya vema. Katika miaka ya 1940 na 1941 zaidi ya wagonjwa 70,000 waliuawa kwa gesi katika vituo sita. Madaktari na wakunga, kwa upande wao, walikwisha agizwa kupeleka taarifa za watoto wachanga wenye ulemavu, na maelfu ya watoto hao waliuawa wodini. Tunaposema “mtoto wa Kijerumani”, basi, tukumbuke kwamba mmoja alikuwa darasani akifanya hesabu, na mwingine alikuwa ndani ya hesabu yenyewe.

Kuna picha ya uwanja wa shule mjini Hamburg, mwaka 1933. Katikati ya watoto weupe amesimama Hans-Jürgen Massaquoi, miaka 7, mtoto wa mama Mjerumani na baba kutoka Liberia. Kwenye fulana yake kuna msalaba wa Manazi. Alimwomba yaya amshonee, kwa sababu wenzake walikuwa nao. Mama yake aliurarua jioni ile ile. Massaquoi alinusurika vita na mabomu, akaja kuwa mhariri wa jarida maarufu la watu weusi kule Chicago, na ukubwani hakuificha picha hiyo: aliichapa katika kitabu cha maisha yake. Namheshimu kwa hilo. Angeweza kuandika kwamba mtoto mweusi alimtambua adui tangu siku ya kwanza, nasi tungemwamini. Alichokiri ni kwamba alitaka kuwa pamoja na wenzake, na hakuna haja iliyo ya kitoto kuliko hiyo.

Habari hii ina tawi lake kwetu. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, aliingia jeshi la kikoloni la Wajerumani akiwa bado mtoto, pamoja na baba yake, katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye alihamia Berlin, akaitwa Bayume Mohamed Husen, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu. Aliomba nishani ya wapiganaji wa vita ile, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, na Novemba 1944 alifia katika kambi ya Sachsenhausen. Mwanawe Bodo, aliyezaliwa mwaka ule ule ambao Hitler alishika madaraka, aliuawa na mabomu mjini Berlin mwaka 1945. Baba alitoa utoto wake kwa Ujerumani moja, mwana akaumaliza wake katika nyingine.

Wapo watakaosema: basi watoto wote hawana lawama, yaishe. Lakini Helmuth Hübener wa Hamburg alikuwa na miaka 16 alipoanza kusikiliza redio ya London, jambo lililokuwa jinai, na kupiga chapa vipeperushi kuhusu aliyoyasikia. Mahakama ya Manazi ilikabiliwa na ugumu mmoja: mshtakiwa ni mtoto. Ugumu ukaondolewa kwa kusema kwamba akili zake zimepita umri wake, hivyo ahukumiwe kama mtu mzima. Akakatwa kichwa Oktoba 1942, ana miaka 17. Dola iliyowavisha watoto silaha kwa madai kwamba wamekua ilihitaji hati ya mahakama ili kumkuza aliyeikataa.

Hans na Sophie Scholl nao, waliouawa Munich Februari 1943 kwa sababu ya vipeperushi, walianza kama wapenzi wakubwa wa Vijana wa Hitler, huku baba yao akipinga. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema. Hapa malezi yalikuwa mawili, ya nyumbani na ya dola, na kwa miaka kadhaa dola ilishinda. Ya nyumbani yalirudi baadaye. Kwa nini yalirudi kwao na si kwa mamilioni mengine, sijapata maelezo yanayoniridhisha, na nina wasiwasi na kila anayeyatoa haraka.

Vita vilipokwisha, mshindi alilazimika kuchora mstari mahali fulani. Mwaka 1946 Wamarekani walitangaza msamaha katika eneo lao kwa waliozaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1919. Kwa kipimo hicho Sophie Scholl, wa mwaka 1921, angesamehewa kwa umri peke yake, na kaka yake Hans, wa Septemba 1918, angebaki nje kwa miezi mitatu na ushei. Silaumu sheria, haina njia nyingine ya kuhesabu. Helmut Kohl, kansela wa Ujerumani Magharibi aliyezaliwa mwaka 1930, alizungumza mwaka 1984 akiwa Israeli kuhusu neema ya kuchelewa kuzaliwa, na wengi walimjia juu. Kwa upande mmoja alisema kweli. Angezaliwa miaka minne mapema, angekuwa kwenye mzinga wa kutungulia ndege akiwa bado mwanafunzi, kama walivyokuwa maelfu kuanzia mwaka 1943. Ila neema hiyo haimwambii mtu afanye nini na nyimbo alizokwisha kuzipenda.

Hapo ndipo ninapopaona pazito. Melita Maschmann, aliyejiunga na Vijana wa Hitler kwa siri akiwa na miaka 15 na baadaye akashiriki kuwafukuza wakulima wa Poland kwenye nyumba zao, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1963 kwa namna ya barua kwa rafiki yake wa zamani wa shule, Myahudi. Hadai kwamba ujana ule ulikuwa mchungu. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo analopaswa kumweleza rafiki ambaye jamaa zake walikuwa wanasakwa wakati ule ule. Christa Wolf, katika riwaya yake ya mwaka 1976 kuhusu utoto huo, alishindwa kabisa kumwita mtoto yule “mimi”. Akampa jina Nelly, akamsimulia kama mtu mwingine, na yeye mwandishi akajiita “wewe”.

Ninawaamini wawili hawa kuliko wazee walioapa kwamba walichukia kila gwaride. Aliyechukia kila gwaride hana la kumweleza kijana wa leo, kwa kuwa kijana huyo naye anajiona hawezi kudanganyika. Nelly anaweza kumweleza. Katika riwaya, mwandishi anarudi kwa gari mwaka 1971 kuuona mji alikozaliwa, ambao sasa uko Poland, na binti yake Lenka yumo garini, amekaribia umri ambao Nelly alikuwa nao alipoukimbia mji. Binti anauliza, mama anajibu nusu, binti anauliza tena.