Mpangaji anayedai ukuta mkavu si mkorofi

WAPO watu wanaoamini kuwa mpangaji mwema ni yule asiyelalamika. Paa likivuja, ahamishe kitanda. Ukuta ukiota ukungu mweusi, aupake chokaa kwa fedha yake. Mtoto akikohoa usiku kucha, apelekwe zahanati na maisha yaendelee. Akithubutu kwenda barazani huambiwa hana subira, hajui ujirani, na kama hapataki ahame.

Swali tunalotaka kulijadili ni hili: Je, kumshitaki mwenye nyumba kwa sababu ya ukungu ni ukosefu wa subira, au ni kudai haki ambayo kuinyamazia nako ni kosa?

Tuchukue mfano wa Ipililo, mkoani Simiyu. Ukanda ule una maeneo mengi ya udongo mweusi wa mbuga, unaofaa kwa pamba na unaoshika maji kwa muda mrefu. Nyumba ikijengwa juu ya udongo wa namna hiyo bila kuzuia unyevu kwenye msingi, maji hupanda ukutani taratibu. Mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa kijijini hana nyumba nyingi za kuchagua. Hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hajalala humo hata usiku mmoja. Na siku anayoonyeshwa chumba, hukikuta kimepakwa rangi mpya.

Rangi hiyo mpya ndiyo kiini cha mjadala. Waislamu tunakijua kisa cha mfanyabiashara wa nafaka ambaye Mtume (SAW) aliingiza mkono katika rundo lake, vidole vikakuta unyevu chini. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuificha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu, wanunuzi wasiione. Sasa, mwenye nyumba anayefunika ukungu kwa rangi wiki moja kabla ya kupangisha ana tofauti gani na yule? Mafakihi nao wameeleza katika mlango wa ijara kuwa aliyekodi kitu, kisha akakuta aibu inayozuia manufaa yake, ana haki ya kuuvunja mkataba. Kwa hiyo anayedai hakuleta ukorofi. Anadai kile alichokilipia.

Na hatuzungumzii doa ukutani tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kuwa unyevu na ukungu ndani ya nyumba vinahusishwa na maradhi ya njia ya hewa, ikiwemo pumu. Mjini Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak, wa wazazi kutoka Sudan, alifariki Desemba 2020 akiwa na umri wa miaka miwili. Novemba 2022 uchunguzi wa kisheria uliamua kuwa kilichomuua ni kuvuta hewa ya ukungu kwa muda mrefu katika nyumba ya kupanga. Baba yake alianza kulalamika mwaka 2017, akaambiwa apake rangi. Alipotafuta wanasheria, matengenezo yakasubiri kwanza madai yamalizike. Leo Uingereza ina sheria inayoitwa kwa jina la mtoto huyo, iliyoanza kutumika Oktoba 2025. Inawabana wapangishaji wa nyumba za jamii: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24.

Atasema mtu: wenye nyumba wengi kwetu si matajiri. Ni kweli. Pengine ni mjane ambaye vyumba viwili vya kupangisha ndiyo riziki yake yote. Ni kweli pia kuwa wapo wapangaji wanaoanika nguo ndani, wanaopikia chumbani na kufunga madirisha mchana kutwa, kisha wakalaumu ukuta. Lakini hoja hizi ndizo zinazotufanya tuhitaji mtu wa kati. Baraza ndilo litakalopima kama maji yanatoka kwenye msingi au kwenye kamba ya nguo, na kama mjane apewe muda atengeneze kwa awamu. Wakiachiwa wawili hao peke yao, mwenye nguvu ndiye atakayeshinda, na mwenye nguvu ni yule aliyekwisha kupokea kodi ya mwaka.

Sheria yenyewe haiko kimya. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inamtaka mpangishaji wa nyumba ya kuishi ahakikishe inafaa kwa makazi ya binadamu pangisho linapoanza na muda wote linapoendelea. Kijijini lipo Baraza la Ardhi la Kijiji kwa ajili ya kusuluhisha. Lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu za ardhi, bali linapatanisha. Juu yake kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na fedha ya wakili anaweza kumwendea msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hata hivyo kudai kuna adabu zake. Mpangaji aanze kwa mwenye nyumba, kwa maneno mazuri na kwa maandishi. Apige picha, aweke tarehe, atunze cheti cha zahanati na stakabadhi za kodi. Asijihukumie mwenyewe kwa kuzuia kodi. Na wanaosuluhisha wajifunze kutoka Rochdale: ukuta utengenezwe kwanza, mabishano ya nani alipe yafuate. Mapafu ya mtoto hayasubiri tarehe ya kesi.

Subira ni katika msiba usioweza kuuzuia. Ukungu unazuilika. Mpangaji anayehama kimyakimya hudhani amemsitiri mwenye nyumba, kumbe amemwachia mpangaji anayefuata chumba kile kile, kimepakwa rangi mpya tena.