Adhabu ya Kaburi Aijuaye Maiti



Muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, kamati yetu ilikutana katika chumba cha mmoja wetu hapa Kyebando kupanga siku ya afya ya akili. Ratiba ilikuwa fupi: daktari saa moja, sheikh saa moja, maswali, kisha chakula. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kikao. Ndugu mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye wengi wetu tunajua kwamba amelazwa mara mbili, akauliza, "Na mimi nitazungumza saa ngapi?" Pakawa kimya. Kisha mwenzetu akasema, "Akhi, wewe utatufungia kwa dua." Nikaandika hivyo: dua, dakika tano.

Swali lake halijanitoka. Tulimhesabu kuwa na kisa, si elimu. Kisa huwaliza watu na kuwaamsha waliosinzia, halafu mwenye elimu hupanda kuzungumza. Sisi tunaosoma dini tulipaswa kuwa wa mwisho kukubali mgawanyo huo.

Imam al-Ghazali, katika al-Munqidh min al-Dhalal, anatofautisha kuijua afya pamoja na sababu na masharti yake, na kuwa mzima. Mlevi, anasema, hajui fasili ya ulevi lakini amelewa. Mwingine anaijua fasili vizuri, naye hajaonja. Kule kuonja alikuita dhauqi, na kwake ni njia ya kujua. Darasani tunalisoma hilo kama habari ya tasawwuf, tunageuza ukurasa. Tunasahau kwamba kitabu hicho hicho kinaeleza maradhi ya mwandishi wake. Mwaka 488 Hijria (1095), akiwa mwalimu katika Nidhamiyya ya Baghdad, ulimi wake ulifunga asiweze kufundisha, chakula kikawa hakipiti kooni, nguvu zikamwishia. Matabibu wakakata tamaa, wakasema jambo hili limeanzia moyoni. Sitaki kumpachika jina la ugonjwa wa leo. Hiyo ni tabia mbaya ya wanafunzi. Nasema tu kwamba aliyetufundisha tofauti ya fasili na kuonja aliandika baada ya kuonja.

Fiqhi nayo imeliona jambo hili, tena bila kelele. Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alipomlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba damu haikatiki, aliambiwa aache swala kwa kadiri ya siku zake alizozizoea. Siku hizo anazijua nani zaidi yake? Na Wahanafi, wanapozungumzia mgonjwa anayeogopa kwamba saumu itamzidishia ugonjwa, huitaja tajriba yake mwenyewe kuwa njia mojawapo ya kujua, sambamba na kauli ya tabibu. Sisi hapa wengi wetu ni Mashafii, lakini hoja inaeleweka: mgonjwa wa tumbo anaulizwa kuhusu tumbo lake. Kwa nini mgonjwa wa akili asiulizwe?

Jibu tunalolipata haraka ni hadithi ya kalamu. Kalamu imenyanyuliwa kwa mwendawazimu, basi maneno yake yana uzito gani? Nimeisikia hoja hii zaidi ya mara moja, na kila mara msemaji hukatia katikati. Kilichonyanyuliwa ni hesabu ya madhambi, na mpaka umewekwa humo humo: hadi apone. Aliyepona na kuzungumza akiwa na akili timamu hana kasoro ya ushahidi. Wengine wengi, wenye sonona au wasiwasi wa kurudia udhu mara kumi, akili zao hazikuondoka hata siku moja. Ndiyo sababu wanaumia vile.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalikubali nusu. Mtu huyu aliyeonja, ameonja kwake tu. Tunaye anayesimama na kusema, "Mimi nilisomewa ruqya nikatupa vidonge, na nyinyi tupeni." Huyo ametoka kwenye alichokijua akaingia kwenye asichokijua. Anajua yaliyompata, hajui yaliyomponya, wala hajui yatakayompata mwingine. Daktari aliyeona wagonjwa mamia ana haki ya kumsimamisha hapo. Lakini kosa la huyo halitoshi kuwanyamazisha wote. Daktari naye hukosea, na hatufungi zahanati.

Nirudi kwa ndugu yetu wa mlangoni. Baada ya kikao kile nilimfuata, kwa aibu kidogo, nikamuuliza angesema nini kama angepewa nafasi. Akaniambia jinsi alivyolazwa mara ya pili. Alikuwa ameacha dawa. Si kwa ukaidi, wala si kwa kukosa pesa. Dawa za usiku zilimlaza mzito hata adhana ya alfajiri haisikii. Siku ya kwanza alilipa swala, siku ya pili vivyo hivyo, na baada ya wiki tatu alijiona mnafiki ambaye Mwenyezi Mungu amemfukuza mlangoni pake. Akachagua swala, akaacha vidonge. Daktari hakuwahi kumuuliza kuhusu alfajiri. Imamu wake hakuwahi kumuuliza kuhusu vidonge. Kila mmoja alikuwa na elimu kamili ya upande wake, na kijana akaanguka katikati. Alipotoka tena hospitalini alimweleza daktari, naye akamsogezea dozi ianze mapema jioni. Kwisha.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hadithi ile ile ya kalamu, tunayoitumia kumnyamazisha, inamtaja pia aliyelala hadi aamke. Dawa yake ilikuwa ndani ya hadithi ile, na hakuna aliyempa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anaumwa hapo. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Wazee husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Huyu maiti wetu alikuwa hai, amekaa mlangoni, anaomba dakika chache.

Na wala si jambo geni nchini. Miaka ya 2000 mwanzoni, watafiti waliokwenda vijiji vya Masaka na Rakai walianza kwa kuwauliza wenyeji, huzuni hii inayokaa mwilini mnaiitaje? Wakapewa maneno mawili, okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujisikitikia. Kwa maneno hayo, pamoja na vipimo vyao, waliwatambua wagonjwa katika vijiji 30, na vikundi vya mazungumzo vya wiki 16 vikawasaidia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Hapa hapa Kyebando, HeartSounds Uganda ni shirika la watu waliowahi kuugua wenyewe. Na kupitia ushirikiano wa Butabika na East London, waliopata nafuu walifundishwa kuwatembelea majumbani wenzao waliotoka hospitalini. Hawakupewa kazi ya kuandika dawa. Walipewa kazi ambayo mwenye cheti peke yake haiwezi: kukaa na mtu na kujua aulizwe nini.

Siku yetu ya afya ya akili iliahirishwa kwa sababu ya mitihani. Wiki iliyopita nilipeleka ratiba mpya kwenye kamati. Ndugu yetu yumo, dakika thelathini, kabla ya daktari na sheikh, ili wao wapate cha kujibu. Mmoja wetu aliuliza kama si hatari. Tulibishana hadi taa zikakatika, na ratiba ikapita kwa tofauti ya kura moja. Mwenyewe amekubali kuja, inshaallah, kwa sharti kwamba asipigwe picha, na dua afunge mtu mwingine.