Chagua Sauti Moja, Mwanangu

Mwanangu, umeniomba orodha. Unataka majina ya podikasti na mawaidha ya Kibudha ya kusikiliza ukiwa barabarani, kutoka Omaha hadi Salt Lake City na kurudi. Majina nitakupa. Ila nivumilie niseme taratibu, maana vijana wengi wameniuliza swali hilihili, na wengi walibeba majina wakayaacha maneno.

Wazee wetu walisema sikio halilali na njaa. Sikio la dereva wa siku hizi ndiyo kabisa, linalishwa kabla halijasikia njaa yenyewe. Nawaona wenzako kwenye vituo vya malori pale Cheyenne. Mtu anajaza mafuta huku anapakua mawaidha tele, ya huyu na ya yule, ya saa nzima na ya dakika tano. Akishaingia barabarani anasikiliza robo ya hili, anaona mtawa anazungumza polepole mno, anaruka kwenye lile. Akifika Utah hakumbuki neno hata moja alilosikia Nebraska. Ni kama aliyealikwa karamuni akaonja kila sufuria, akarudi nyumbani na njaa yake. Mimi nakuomba jambo moja tu: chagua sauti moja, kaa nayo mpaka kipupwe hiki kiishe, kisha ndipo uniulize nyingine.

Usione haya kwamba husomi vitabu, unasikiliza tu. Mafundisho haya yalizaliwa mdomoni na kulelewa masikioni. Buddha hakuacha andiko lolote aliloliandika kwa mkono wake. Mapokeo ya Kibudha yanasimulia kwamba baada ya kifo chake wanafunzi wake walikutana Rajagaha, kule India, na Ananda, binamu yake aliyemhudumia kwa miaka mingi, akayakariri mbele yao yote aliyoyasikia. Tangu hapo watawa waliyahifadhi vichwani, mkubwa akimfundisha mdogo, karne baada ya karne. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, njaa na vita vilipoipiga Sri Lanka na waliohifadhi wakawa wanakufa, ndipo waliobaki wakaingiwa na hofu, wakakusanyika Aluvihara na kuyaandika kwenye majani makavu ya mti wa jamii ya mvumo. Wewe uliyepita chuoni kwa maalim unajua kuhifadhi ni kazi gani. Ndiyo maana mafundisho yale yamejaa marudio. Msomaji wa kitabu huchoka nayo, lakini yaliwekwa kwa ajili ya mtu asiyekuwa na karatasi. Kwa hiyo nikikwambia usikilize mawaidha mamoja mara tatu, mara tano, usifikiri ni uvivu wa mzee asiyejua mapya. Hivyo ndivyo yalivyokusudiwa kuingia.

Kuna kanuni moja ya watawa hao ambayo nataka uijue, kwa sababu inakugusa. Katika kanuni zao 75 za adabu, imo inayomkataza mtawa kumfundisha mtu aliyepanda chombo cha usafiri, isipokuwa awe mgonjwa. Imewekwa pamoja na nyingine za namna hiyo: asimfundishe aliyeshika silaha, wala aliyelala, wala aliyevaa viatu. Usishtuke. Kanuni inamfunga mtawa, haikufungi wewe, na watawa wengi leo wanarekodi sauti zao wakijua fika zitasikilizwa garini. Lakini ifikirie sababu yake. Mafundisho hayamwagwi ovyo. Msikilizaji hutakiwa ajiweke katika hali ya kupokea. Wewe huwezi kukaa chini mkekani, mikono yako iko kwenye usukani na macho yako lazima yawe barabarani, na hiyo ni sawa. Unaloweza ni kutoyafanya mawaidha kuwa kelele za kufukuzia upweke. Ukiwa unabishana na anayekupangia mizigo, zima. Ukiwa unaingia Denver jioni na magari yamebanana pande zote, zima. Ukifika palipo wazi, barabara imenyooka na upepo umetulia, washa, na utege sikio kweli.

Najua pia linalokusumbua ambalo hukulisema. Unamwogopa mama yako kule Tanga akisikia. Mwanangu, mimi naswali, na mawaidha haya nimeyasikiliza miaka mingi. Hakuna anayekutaka ubadili dini. Wanapozungumzia kuzaliwa upya, mimi nayapita. Wanapozungumzia hasira, pumzi, tamaa na ulimi, nakaa na kusikiliza, kwa sababu hasira yangu ilihitaji dawa. Ukiwa na shaka muulize sheikh wako, usimfiche. Wala jambo hili si geni kwetu kama unavyodhani. Dar es Salaam lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka mwanzoni mwa karne iliyopita. Na Uganda yuko Bhante Buddharakkhita, mtoto wa nchi hiyo, aliyepewa utawa California mwaka 2002, na mwaka 2005 akaanzisha kituo karibu na Entebbe. Mawaidha yake ya Kiingereza yapo mtandaoni, na lafudhi yake utaijua tu kwamba ni ya jirani.

Sasa majina.

Kama unataka mambo mafupi, anza na Thanissaro Bhikkhu. Ni Mmarekani aliyejifunza Thailand, na sasa ni mkuu wa Metta Forest Monastery, milimani kaskazini mwa San Diego. Mawaidha yake ya jioni mengi ni ya robo saa au pungufu, na yote yako kwenye tovuti ya dhammatalks.org, bure, bila matangazo. Hana madoido. Wengine humwona mkavu. Mimi nampenda kwa sababu hiyohiyo: anakwambia jambo moja kuhusu pumzi au kuhusu moyo unaojidanganya, kisha anamaliza. Robo saa inakutoa kituo kimoja hadi mzani unaofuata, na unabaki na jambo moja la kufikiria.

Kama unataka mwalimu mpole zaidi, Gil Fronsdal wa Redwood City, California, yupo kwenye tovuti ya Audio Dharma. Tangu korona ya 2020 amekuwa akitoa mafundisho mafupi ya asubuhi siku za kazi, na mengi amepanga mfululizo, somo la Jumatatu likiendelea Jumanne. Yanamfaa dereva, maana yanampa mahali pa kurudi kesho.

Hazina kubwa kuliko zote ni Dharma Seed. Mizizi yake iko Barre, Massachusetts, penye kituo cha taamuli kilichoanzishwa mwaka 1975 na Joseph Goldstein, Sharon Salzberg, Jack Kornfield na wenzao. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wakirekodi mawaidha ya jioni yaliyotolewa kwa watu waliokuja kwa mafungo na kuyasambaza kwa kanda, kama kanda za masheikh zilivyokuwa zikiuzwa mitaani kwetu na kuchezwa kwenye mabasi. Leo yapo maelfu, na hakuna bei. Wanafuata desturi yao ya zamani ya kutoa bila kudai, na mwenye nafasi huchangia kwa hiari. Lakini nakuonya, hapo ndipo vijana wanapopotelea. Ingia ukiwa tayari na jina la mwalimu mmoja. Usianze kuzurura.

Na kama moyo wako umechoka, hutaki somo bali unataka mtu wa kukaa nawe, msikilize Ajahn Brahm. Ni Mwingereza aliyesoma fizikia Cambridge, akaenda Thailand akawa mwanafunzi wa Ajahn Chah, na sasa yuko Australia Magharibi. Kwa miaka mingi amezungumza mjini Perth Ijumaa jioni, na anasimulia visa. Kimoja ni cha mwaka 1983, walipokuwa wakijenga monasteri yao bila pesa za kumlipa fundi, ikabidi ajifunze uashi mwenyewe. Alipomaliza ukuta akagundua matofali mawili yamekaa upande. Alitaka kuubomoa, mkuu wake akakataa. Akawa anawaepusha wageni wasipite hapo. Siku moja mgeni akausifu. Brahm akamuuliza kama haoni matofali yale mawili, mgeni akajibu anayaona, ila anayaona pia yale 998 yaliyonyooka. Kisikilize kisa hicho siku utakayorudi nyuma vibaya ukakwaruza trela, halafu usiku kucha ukajiita mjinga.

Tara Brach pia ni mzuri, mwanasaikolojia wa karibu na Washington, na hutoa kipindi kila wiki. Ila kwake soma kichwa cha kipindi kabla ya kubonyeza, maana katika mkondo uleule zimo hotuba na zimo taamuli za kuongozwa. Taamuli za kuongozwa usizicheze garini. Nalisema hili kwa msisitizo wote nilionao. Humo unaambiwa ufumbe macho, ulegeze mabega, uuache mwili uzame. Kisha kinafuata kimya kirefu, halafu kengele. Ni jambo zuri sana ukiwa kitandani nyuma ya lori lililoegeshwa. Barabarani linaua.

Jihadhari pia na sauti zinazozunguka mtandaoni zikiwa na muziki mzito chini yake na jina la mtu mashuhuri juu yake. Siku hizi kompyuta inaweza kuigiza sauti ya marehemu na kumsemesha asiyoyasema. Mzungumzaji mashuhuri Alan Watts alifariki mwaka 1973, na bado kila siku unaweza kukutana na hotuba yake "mpya". Nenda kwenye chanzo: tovuti ya monasteri yenyewe, ya kituo chenyewe, ya mwalimu mwenyewe.

Maandalizi yafanye umeegesha. Pakua usiku, penye mtandao, kwa sababu Wyoming kuna mahali simu inakuwa kipande cha plastiki tu. Panga mawaidha mawili, si zaidi, yajifuate yenyewe. Tumia spika za gari na usizibe masikio yote mawili. California kwa mfano sheria inakataza, na hata pasipokatazwa unahitaji kusikia honi na king'ora. Ukishang'oa breki, simu hiyo si yako tena. Sheria ya nchi inamkataza dereva wa gari la biashara kushika simu mkononi akiendesha, na faini yake unaijua. Kama kipindi kimekwisha na kinachofuata hukipendi, kivumilie mpaka utakaposimama.

Na mawaidha yakiisha, usiwashe mengine. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Kaa bila sauti, walau kwa muda uleule uliosikiliza. Utaona akili inavyorudi kwenye yale maneno, inayageuza, inayakataa mengine. Usipoipa nafasi hiyo umesikia tu, hujasikiliza.

Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022, aliwafundisha watu jambo ambalo halihitaji hata simu. Taa nyekundu, alisema, ichukue kama kengele inayokuita urudi kwenye pumzi yako. Jamaa zake wa Plum Village, Ufaransa, wanatoa podikasti tangu 2021, nayo ni nzuri, lakini la taa lijaribu kwanza. Umesimama, mbele yako ni nyekundu, umechelewa. Tazama mikono yako: vidole vimeukamata usukani kana kwamba utatoroka. Mabega yamepanda mpaka masikioni. Meno yamebanana. Vuta pumzi uijue, itoe uijue, shusha mabega. Taa itawaka kijani kwa wakati wake. Vivyo hivyo mwenye gari dogo akikukatiza mbele bila ishara. Kabla ya honi na kabla ya tusi, mwombee afike salama anakokwenda. Walimu hawa wote, kila mmoja kwa njia yake, wanakupeleka hapo, na kipimo cha kusikiliza kwako ni namna unavyomjibu mtu huyo.

Limebaki hili, na ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu. Sheria inakupa saa 11 za kuendesha baada ya saa 10 za mapumziko. Mwili wako unaweza kukupa pungufu ya hapo, na mwili hauna daftari la kudanganya. Sauti tulivu ya mtawa, saa tisa usiku, joto limewashwa garini na theluji inapita mbele ya taa, hiyo inambembeleza mtu alale. Usidhani mawaidha yatakuweka macho. Ukiona umepita kibao bila kukisoma, ukiona sentensi ya mwalimu imeanza na mwisho wake hukuusikia, umeshaanza kulala. Zima, tafuta pa kutokea, egesha, lala. Anayekupangia mizigo akifoka, mwache afoke, mzigo utachelewa na utafika. Ukishaegesha salama, nipigie hata kama ni alfajiri. Mimi usingizi wangu siku hizi ni mfupi, na nitapenda kusikia ni mwalimu gani umemchagua.